Mwalimu Kiende na Mpira wa Matambara

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, walimu wenzake na mama, na nyinyi wanafunzi wake, nyote mliofika kutoka Laare, Embu mjini na hapa Ishiara, mimi ni Igoki, kifungua mimba wake, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na mkiona nasoma nikitabasamu msishangae, maana maisha haya yalijaa shangwe, na sijui kuyasoma kwa sauti ndogo.

Mama yetu, Marcella Kiende, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kule Laare, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mbaabu na marehemu Mama Makandi, wakulima wa miraa na mahindi, akasoma shule ya msingi papo hapo Laare kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana huko Meru hadi 1970, halafu chuo cha ualimu, na Januari 1973 akatumwa kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi karibu na Ishiara, akishuka kutoka baridi ya milima ya Nyambene hadi kwenye jua hili mnalolijua.

Darasa la sita alilopewa lilikuwa likisema "Give I the chalk" na "Teacher has called he", naye akaelewa upesi kwa nini, kwani kwa Kiswahili mimi ni mimi tu, niwe natenda au natendewa, na yeye ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza hubadilisha neno, anayetenda akiwa "I", "he" au "she", anayetendewa akiwa "me", "him" au "her". Aliandika ubaoni, akakaririsha, watoto wakasahau, basi siku moja akafunga matambara na kamba yakawa mpira, akalitoa darasa nje, akasema anayerusha atajiita "I", anayerushiwa ataitwa "him" au "her", na atakayekosea anatoka mchezoni, na kelele za furaha za siku hiyo zilifika hadi sokoni!

Mwalimu mkuu, Bwana Gitari, hakufurahi hata kidogo, akamwambia, "Mwalimu Kiende, hii ni shule, si uwanja, ukiwatoa nje tena nitaomba urudishwe Meru," na mama, aliyekuwa mgeni bila ndugu hata mmoja huku, alilia jioni ile, lakini asubuhi aliwaangalia wale watoto waliokuja mapema wakiuliza mpira uko wapi, akawatoa nje tena.

Hiyo ilikuwa Julai 1974, na siku hiyo hiyo, bila habari, mkaguzi wa shule, Bwana Mwongera, alikuwa akipita langoni pamoja na Bwana Gitari, naye msichana aitwaye Njura akarusha kwa nguvu zake zote, mpira ukampata mkaguzi kifuani, vumbi likabaki kwenye tai yake. Mkaguzi akauliza kwa Kiingereza ni nini kimetokea, Njura akajibu, "Sir, I have hit he—," na kabla hajamaliza darasa zima likapaza sauti, "Him!" na Njura akajinyoosha, akasema, "You, sir. I have hit you. Please forgive me."

Bwana Mwongera alicheka mpaka akashika magoti, akaokota mpira, akamrushia mwalimu mkuu, akauliza, "Now, what have I done?" na watoto wakaruka juu, "You have hit him!" naye Bwana Gitari, mpira mkononi, akamtazama mkaguzi, akamtazama mama, kisha akaurusha kwa watoto! Mama hakurudishwa Meru, na mwaka uliofuata walimu wa shule jirani walikuja kuutazama mchezo huo, Bwana Gitari mwenyewe akiwakaribisha.

Kelele hizo ndizo zilizomvuta baba yetu, Njeru, aliyekuwa na duka la ndengu sokoni, na Desemba ya 1974, baada ya kujizoeza wiki nzima, alimsimamisha mama nje ya kanisa, akasema, "Kiende, please marry I." Mama, mwalimu hata hapo, akasema, "Me." Baba akashangaa, "Ndiyo, wewe! Kwani kuna mwingine?" Mama akamwambia, "Hapana, sema 'marry me'," na baba, aliyesikia maneno mawili ya mwisho peke yake, akapiga kelele, "Nimekubali!" Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975 hapa Ishiara, na mpaka leo hatujui ni nani aliyemposa mwenzake.

Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi mwaka 1976, Ireri 1979, na Mbaabu 1983, na mwaka 1985 tulihamia mtaa wa Dallas, Embu, ambako mama alifundisha hadi alipostaafu mwaka 2006, na hata baada ya hapo watoto wa majirani hawakuisha sebuleni.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2020, akatibiwa akapata nafuu, lakini Mei 2022 alizidiwa, akalazwa hospitalini Embu, na asubuhi ya tarehe 2 Juni, baba akiwa amemshika mkono, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Dallas waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na ndugu wa Laare waliosafiri usiku. Siku mbili kabla ya kuondoka alimwambia baba, "Msinizike kwa kunong'ona," kwa hiyo kwaya mkisimama, imbeni mpaka walio sokoni wasikie. Mama, tulia kwa Bwana, sisi tunaimba.