Mama Vyura na Daftari la Sauti Saba

Wasikilizaji wapendwa, leo sogezeni viti karibu. Tumempoteza mfagiaji wa kituo cha pampu za maji, yule tuliyemzoea kwa jina la Mama Vyura. Jina alipewa kwa utani, naye akalipokea bila kununa.

Kila alfajiri, kabla hajashika ufagio, alikaa dirishani akisikiliza dimbwi lililo nyuma ya kituo. Kila aina ya chura aliyoisikia aliiandika daftarini. Miaka ishirini na mitatu, wasikilizaji. Mumewe, fundi baiskeli, alilalamika kwamba nyumbani kwake vyura wanasikilizwa kuliko yeye.

Mwanzoni zilikuwa sauti saba. Nasema saba. Kisha mvua zikaanza kuchelewa, na zikija zinakatika mapema. Jua likawa linakausha dimbwi kabla viluwiluwi hawajaota miguu. Sauti zikawa tano. Zikawa nne. Ndege waliokula vyura wakahama, mbu wakatamba.

Mwaka mmoja uvumilivu ulimshinda. Alibeba viluwiluwi kwa ndoo, safari kumi na moja, akawamimina kwenye bwawa lisilokauka. Haraka haraka haina baraka: alisahau kwamba bwawa lile lina samaki. Kufikia jioni hakubaki hata mmoja.

Binti yake ametusimulia: "Mama alilia kama mtu aliyefiwa. Kisha akaniomba kalamu."

Aliandika hivi: Leo nimekosea. Nimewaua niliotaka kuwaokoa. Watafiti wa vyura walipokuja kuomba madaftari yake, ukurasa huo ndio aliowafungulia kwanza. Mimi huo ujasiri sina, nakiri.

Msimu uliofuata alichimba dimbwi dogo uani kwake, penye kivuli. Akalijaza maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe, na safari hii bila samaki. Vyura wakaja kutaga humo, na viluwiluwi wachache wakaota miguu.

Asubuhi ya mazishi, mumewe alifungua dirisha la uani, daftari mapajani. Alikaa hapo mpaka watu wakaanza kumtafuta. Aliniambia: "Mimi sijui kuwatofautisha. Nimeandika tu kwamba wapo."

Kwako mzee wetu fundi, na kwako binti, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho alfajiri msikimbilie kuwasha redio, hata hii yetu. Fungueni dirisha kwanza. Sikilizeni ni nani bado yupo.