Sura ya Ndugu Yangu Khisa

Picha hiyo iliyo ukutani juu ya kitanda changu niliikata mimi mwenyewe kwa wembe. Haikuliwa na mende, kama nilivyowaambia tangu mkiwa wadogo, na nyinyi mkaamini kwa sababu mtoto humwamini mzee wa kanisa. Lakini mende hawakati kwa mstari ulionyooka, na kama mngekuwa watu wa kunichunguza mngelijua hilo zamani. Vile vidole vinne vilivyobaki begani mwangu, ambavyo wewe Nabalayo binti yangu uliniuliza ni vya nani, nikakujibu ni vya mpiga picha aliyekuwa akininyoosha koti, ni vya ndugu yangu Khisa, ni vya baba yako, Joash. Kaeni chini nyote wawili, na msinikatize hata nikikosea, kwa kuwa nikisimama sijui kama nitaweza kuanza tena.

Tulipigwa picha hiyo mwaka wa thelathini na nane, katika duka la Mhindi mmoja hapa mjini Nakuru, siku hizo mimi na Khisa tukipakia makaa ya gari la moshi na kulala chumba kimoja kule landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mhindi yule alikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifalme, na kabati la vitu vya kuazima, makoti, tai, saa isiyotembea, na kitabu kimoja kinene chenye jalada jekundu, ambacho kila mtu aliyetaka watu wa nyumbani wadhani amesoma alipewa akishike. Mimi nilikishika. Nilikuwa nimeishia darasa la pili, nasoma kwa kufuata mstari na kidole, lakini nilikishika kama hakimu. Khisa, ambaye ndiye aliyekuwa msomaji wa kweli kati yetu, alipopewa alikisukuma kwangu akasema, "Mpe ndugu yangu, yeye ndiye ana haja nacho," kisha akawasha sigara yake, akaniwekea mkono begani, na tukapigwa hivyo, mimi nimekasirika na yeye anacheka.

Baada ya miaka miwili nikawekwa kuwa mzee wa kanisa, na ibada ya nyumba kwa nyumba ikafika kwangu. Watu walipokuwa wakinywa chai, mama mmoja aliyekuwa ametoka Elburgon kutembelea dada yake, mama mwenye ulimi, akaitazama picha ukutani akaniuliza, "Mzee wa kanisa, huyu anayefuka moshi hapa ni ndugu yako, au ni gari la moshi lenyewe?" Walicheka wote, hata mwalimu wa kanisa alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na mimi nikacheka kwa mdomo tu. Walipoondoka nikachukua wembe na rula. Kile kipande chenye Khisa nilikitia kwenye jiko la makaa, na nakumbuka kilijikunja, kikaanza kuungua kuanzia viatuni, uso ukawa wa mwisho, na juu ya makaa hayohayo nikaweka sufuria ya chai nikanywa. Nilijiambia nimeisafisha nyumba ya Bwana. Wanangu, haikuwa nyumba ya Bwana niliyoisafisha, ilikuwa aibu yangu mbele ya watu.

Khisa alipokuja Jumapili alisimama mbele ya ukuta huo, akaniuliza bila kugeuka, "Ndugu, mimi niko wapi?" Nikamjibu, "Uko pale unapopenda kukaa, kilabuni." Ningependa angenipiga. Yeye alikaribia, akagusa kioo, akasema, "Vidole vyangu umeviacha. Basi asante, angalau nitaendelea kukushika." Akacheka kile kicheko chake, akala ugali wangu, akaenda. Hatukuizungumza tena. Vita vilikuwa vimeanza, na mwaka uliofuata aliandikwa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani mbali mpaka Bama, ng'ambo ya bahari, akamwacha mama yako, Joash, na wewe ukiwa tumboni. Aliniachia sanduku lake la bati lililojaa vitabu, akaniambia pale stesheni, "Hivi ni vya kusoma, ndugu. Usije ukavishika tu."

Habari ilipofika kwamba amekufa, na kwamba mwili hautarudi, nilipanda gari la moshi kwenda nyumbani Kimilili. Mnajua desturi ya kwetu, mtu akipotelea mbali hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, na pamoja na mgomba huwekwa kitu chake, nguo aliyoivaa, au fimbo yake. Wazee walikaa wakasema, huyu kijana wa siku hizi aliwahi kupigwa picha mjini, tunasikia, basi ndugu yake ailete, tuwe tunazika uso na siyo mgomba mtupu. Nikasimama. Nikasema mambo ya kuzika migomba ni ya giza, mimi ni mtu wa kanisa, sitatia mkono wangu humo. Nilisema kwa sauti kubwa, na wengine walinisifu kwa msimamo. Mungu peke yake aliyekuwa pale ndiye aliyejua kwamba sikuwa nikiitetea imani, nilikuwa nikiificha ile picha iliyokatwa. Mama yetu alinifuata nyuma ya ghala, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mambo ya wazee waachie wazee. Mimi nionyeshe tu hiyo picha, kidogo. Naanza kusahau pua yake." Nikamwambia ilipotea tulipohama chumba. Aliishi miaka mitatu zaidi, na kila aliyemtembelea kutoka huku Nakuru alimwuliza kama picha ya Khisa imeonekana.

Nipe maji, Nabalayo.

Na wewe, Joash, mama yako alipokufa nikakuchukua, nikakulea na binti yangu, na nadhani sikukunyima chakula wala shule. Lakini ulipokuwa darasa la tatu ulirudi ukaniuliza baba yako alifanana na nani, kwa kuwa watoto walikuwa wakibishana shuleni nani anafanana na babake. Nikakuambia hakuwahi kupigwa picha. Ulisema, "Hata kwenye kipande chake cha kazi, kile kitambulisho?" Nikakujibu vipande vya siku zile vilikuwa na alama za vidole tu, na hilo lilikuwa kweli, nikaitumia kweli hiyo kufunika uongo. Uliitikia, "Sawa, baba," ukaenda kucheza mpira. Hujawahi kuniuliza tena, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Niliposikia uzee unaingia, magoti yakakataa ngazi za kanisa na fundi akanipa miwani hii, nilianza kulifungua lile sanduku la vitabu. Nilivisoma vyote, polepole, miaka yangu ya mwisho kazini na hii ya nyumbani. Kuna kimoja cha nyota, kimoja cha safari za baharini, kimoja cha kufuga nyuki ambacho sijui alikitakia nini, maana hakuwahi kuwa na mzinga. Nilikuwa nikifika mahali pa kuchekesha nasikia kabisa angechekea wapi. Nikageuka kutaka kumsomea. Mtu anazeeka akidhani atayakumbuka makosa yake makubwa, kumbe anayemjia ni mtu, amekaa hapo pembeni, na huwezi kumwona uso.

Mnakumbuka mwaka jana Omolo, kijana wa jirani aliyepelekwa Uingereza kujifunza kazi ya reli, alipokuja kutusalimia. Alisema, "Mzee, kule watu hawasikilizi redio tena, wanaitazama. Inaitwa televisheni. Mtu anaongea mji mwingine, wewe umekaa kwako unamwona mpaka meno." Nikamwuliza, na aliyekufa, wanaweza kumwonyesha? Akasema, "Ikiwa walimnasa akiwa hai, mzee, utamwona anatembea na kuongea kama wewe." Nabalayo ukasema, "Baba anataka televisheni na hata taa za stima hatuna," tukacheka wote. Nilitoka nje nikasema naenda kuangalia kuku. Sikwenda kuangalia kuku. Nilisimama nyuma ya choo nikalia, kwa kuwa niliona wajukuu wa wengine watakuwa na babu zao wanaotembea ndani ya sanduku, na mimi ndugu yangu alikuwa karatasi moja tu, wala hata hiyo karatasi sikuweza kumtunzia.

Ndipo nikamtafuta Darweshi, huyu mwenye duka la picha, ambaye ujanani alifanya kazi kwa yule Mhindi. Nilidhani labda kile kioo cha ndani ya kamera, ambacho picha yetu ilitolewa humo, bado kipo mahali. Darweshi ni mtu muungwana, hakunicheka. Alisema, "Mzee wangu, yule Mhindi alipohama, vile vioo vilioshwa kwa soda vikauzwa kwa watu wa madirisha. Vingine mama yangu alivitia kwenye banda la kuku pale Bondeni. Twende utazame, moyo wako utulie." Nikaenda. Niliinama na magoti haya, nikatazama kioo kimoja kimoja dhidi ya jua, na vyote vilikuwa safi, na kuku walikuwa wakinitazama kutoka upande wa pili.

Hapo nilikata tamaa, nikaamua kufa kimya. Sasa nawaambieni kwa nini sikunyamaza.

Mwezi uliopita, pale hospitali, dresa wa wodi aliponinyoa ndevu na kichwa, Nabalayo uliniletea kile kioo chako cha mkononi nijitazame, ukasema, "Baba, umekuwa kijana." Nilikitupa kitandani, nawe ukadhani nimekasirikia kunyolewa. Binti yangu, Khisa alikuwa ndani ya kile kioo. Yeye alikuwa mwembamba siku zote na mimi mnene siku zote, watu walikuwa hawaamini tumetoka tumbo moja, lakini ugonjwa umeninyofoa nyama yote, na chini ya huyo mnene ametoka ndugu yangu. Mfupa wa shavu ni wake. Pua, ile mama aliyokuwa akiisahau, ni yake. Toa mvi, toa makunyanzi, weka kicheko, ambacho mimi sikujaliwa.

Nimemtumia Darweshi habari aje na kamera yake. Ameenda Kariandusi kupiga picha za arusi ya wafanyakazi wa machimbo, atarudi Jumatano. Sijui habari za Jumatano.

Basi nimalize. Kipande cha shamba kule Kimilili kinachopakana na kijito ni cha baba yako, Joash, mimi nilikilima tu. Wazee nimewaambia na wanajua. Vitabu ni vyako, na baiskeli ni yako. Nabalayo, vyombo vya mama yako na Biblia yangu chukua wewe, na cherehani usimwazime mtu. Nikifa nendeni kwa wazee, waambieni niliyowaambia leo yote, hata lile la ghala. Kisha wamkatie Khisa mgomba, wauzike kwa heshima, na mwalimu wa kanisa akikataa kuja, asilazimishwe. Picha hiyo ukutani mniwekee kaburini, mimi na vidole vyake.

Mungu awashike. Awape... ngoja. Awape kuzeeka pamoja, msikatane. Awape watoto wanaocheka. Nimesamehewa na Yeye, naamini hivyo. Wewe, Joash, sikuombi unisamehe leo, hiyo ni kazi yako na muda wako.

Usilie sasa, machozi yatakufanya usione vizuri. Sogeza mto, Nabalayo, uniinue kichwa. Hivyo. Joash, songa karibu, hapa mbele yangu, uniangalie uso.