Bombe Iliyotoka Nyuma

Ndani ya basi kutoka Kisenge kwenda Kolwezi, mama Adolphine alikaa nyuma ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja, karani mwenye koti, alikuwa akisifu askari waliopigana vita vya mashariki. "Basoda betu habakukimbia hata siku moja," alisema. "Inchi inajengwa na damu."

Kijana aliyekaa dirishani pembeni yake, mchimbaji wa shaba, alimwacha amalize. "Tata, mukubwa wangu, mutoto wa mama yangu, pia hakukimbia. Bombe ilimukuta mu shimo ya vita, na ilitoka nyuma, kwa basoda betu. Commandant alikosa kusoma karte, ile ramani yake."

"Usiseme vile, mutoto. Ukisema vile, alikufaka bule."

Adolphine alishtuka. Afisa mmoja wa jeshi alimwambia maneno hayo hayo siku ya kumzika mumewe, askari, katika jeneza lililokatazwa kufunguliwa. Rafiki wa marehemu alikuwa amemnong'oneza kwamba askari waliuana wenyewe kwa wenyewe. Tangu hapo, akiitwa mjane wa shujaa, huitikia kwa kichwa tu.

"Alikufaka bule, tata," kijana alisema polepole. "Ndo maana minalia."

Adolphine alitaka kumgusa bega, akawa anatafuta neno la kuanzia. Kabla hajalipata, basi likasimama kituo cha Kingamyambo. Kijana akachukua mfuko wake akashuka, na karani akasogea dirishani.