Mwalimu Wino na Sura ya Kumi na Tatu

Waombolezaji wenzetu, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Wino, kwa mpangilio alioutaka mwenyewe, bila kuruka tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1964, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1978, na tarehe 8 Januari 1979 akaajiriwa kufundisha fasihi katika sekondari aliyoitumikia hadi alipostaafu, Machi 2017.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine wakili.

Kuanzia Februari 1990, kila Jumamosi saa nane mchana, meza ya shemeji ya kukatia vitambaa iligeuka darasa, wanafunzi wakaja na maswali ya fasihi na insha za kufanyia nyumbani, naye, kwa wino wa kijani, akawaandikia pembeni swali jingine, na jingine, hadi jibu walione wenyewe. Kazi hiyo aliihifadhi katika madaftari kumi na moja yenye tarehe, na humo alitega swali moja: kwa nini mama alichoma barua katika sura ya kumi na tatu, ilhali riwaya ile ya darasani ina sura kumi na mbili tu. Aliyeisoma alirudi akicheka, "Mwalimu, umetuchezea!" na asiyeisoma alileta kurasa mbili za majibu, ambazo marehemu alizibandika daftarini ziwe kichekesho.

Mei 2008 Mkuu wa Idara, aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe, aliazima madaftari hayo kwa wiki mbili, akayarudisha baada ya miezi saba, na Juni 2009 kikatoka kitabu cha mwongozo chenye jina lake peke yake. Marehemu alipomuuliza mbele ya walimu wenzake, alijibiwa, "Dada, mawazo hayana mwenyewe, kunywa chai yako isipoe." Marehemu, ambaye alikwisha kufika ukurasa wa 64, penye swali lile la barua, alimwambia, "Hongera, mdogo wangu, hasa kwa ile sura ya kumi na tatu," naye akafurahi, "Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Marehemu hakulisema tena, alinunua kila toleo, manne kwa jumla, akayapanga rafuni, na katika kila moja mama yule aliendelea kuichoma barua yake.

Agosti 2021 alianza kuugua figo, na akiwa wodi namba nne alimtamkia binti yake wakili barua kwa mchapishaji, ikaambatanishwa na daftari la tarehe 16 Julai 1994, lenye mtego ule. Daktari alipomsihi apumzike, alisema, "Nikimaliza." Alifariki tarehe 6 Februari 2022, saa tatu asubuhi, kabla ya majibu, ambayo yalifika jana: kitabu kimeondolewa madukani, na toleo lijalo litabeba jina la marehemu peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuazima viti na mabega yao, na walimu wenzake, waliosikia yote siku ile wakaendelea kukoroga chai, kwa kufika leo. Mkuu wa Idara, uliyeketi mstari wa pili na kujiandikisha kutoa salamu za shule, ratiba inakupa dakika tano, na mada marehemu amekuachia: mama alichoma barua kwa nini?

Pumzika kwa amani, dada, sisi tunamsikiliza.