Kidole cha Upande wa Mama

Tangu wapande basi, wifi mtu hakuwa amefunga mdomo. Mama mtoto alimpakata mwanawe, akatazama nje dirishani kama vile haambiwi yeye.

"Hebu tazama, fundi," wifi akamwambia mzee mshona viatu aliyeketi mkabala nao, na kuuchomoa mguu wa mtoto kwenye shuka. "Vidole gumba viwili mguu mmoja! Kazaliwa navyo. Kwetu hakuna kitu kama hiki. Haya yametoka upande wa mama."

"Hospitali wanasemaje?"

"Eti wakate kimoja, wanyooshe kinachobaki, kabla hajaanza kutembea. Mimi nasema kiachwe, watu wajue kimetoka wapi."

Huruma ya shangazi hiyo.

Fundi hakuutazama sana mguu wa mtoto. Macho yake yalikuwa kwenye viatu vya wifi, vile vya kufunika ambavyo, kwa miaka minne ya ndoa, mama mtoto hajawahi kumwona akivivua hata jikoni.

"Hiki cha kulia kimepanuliwa ubavuni," akasema fundi. "Aliyekipanua anaijua kazi. Kaacha nafasi ya gumba mbili."

"Nimeviazima!"

"Basi na mguu mmeazimana, maana kimekukaa sawasawa."

Wifi akaurudisha mguu chini ya kiti. Basi likasimama, konda akaita, "Hospitali!"

Mama mtoto akainuka, mwanawe begani.

"Wifi, tushuke," akasema kwa upole. "Tukiwahi, huenda wakawaona nyote wawili."