Muhogo Ulioachwa Juani

Pale Mtopanga, kwenye ubao wa kukalia wa Nadira muuza kahawa, sisi hujua kila kitu. Asubuhi hiyo alifika Kitsao, tunayemwita Kijasho kwa vile akiogopa hulowa shati. Lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Mkononi ameshika kipande cha muhogo, cheusi tititi ndani. Niliogopa hata kukigusa.

— Huu ni wa shambani kwangu, akasema. Niliuondolea udongo niuone unavyonenepa, nikasahau kuufukia. Ganda likawa jekundu. Leo mke wangu kauchemsha, watoto wameula na chai. Hiki kilibaki kibichi.

Mzee Mwinyihaji, ambaye sisi humwita Kadhi, akaweka kikombe chini.

— Wallahi huo si muhogo tena. Mzizi ni kitu cha gizani. Ukiutoa nje, jini huuona.

— Jini gani, mzee! akadakia Fidel, fundi wa friji kutoka bara. Manze, hiyo ni sayansi. Mzizi ukipigwa na mwanga unashtuka, unajaza dawa za kujikinga. Ukiukata, kuna vimeng'enya ndani, vinakutana na hizo dawa na hewa, inageuka nyeusi. Si umeona biringani likikatwa?

— Dawa za kujikinga na nani? akauliza Kitsao.

— Na wadudu. Na wewe pia, kama unaula.

Kitsao akafuta uso.

— Ni vumbi la machimbo ya Mwakirunge, nikasema, maana nami sikutaka kunyamaza. Linapanda na upepo, linaingia kwenye mizizi.

— Basi na sisi tumelivuta! Kadhi akashika kifua. Nimekohoa tangu alfajiri.

— Mimi tumbo linanguruma, akasema Fidel, ambaye muhogo hata hakuuonja.

Nadira akamimina kahawa, akainusa kwanza. Sasa tulikuwa tunaogopa kwa zamu.

Ndipo akaja Waridi, mgeni wa mtaa, kununua kahawa ya mumewe. Alisikiliza kidogo, birika mkononi.

— Samahanini. Hao watoto wako wapi?

— Shule, akajibu Kitsao.

— Na ni nani aliyekwenda kuwaangalia?

Kitsao alikuwa ameshainuka, anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka. Nikamfuata, nikimwomba Mungu tuwasikie wakipiga kelele za mchezo.