Samaki wa Jumamosi

"Sema tu una wivu, Mama Gikunda!" Igoki alimwambia jirani yake kwenye tuktuk ya kwenda Majimbo, amepakata mfuko wa vifaranga vya tilapia. "Jumamosi wamama wa kikundi wanakuja kwangu kuona sukuma wiki inayokunywa maji ya tangi la samaki. Uje pia."

"Nina kazi," Mama Gikunda akajibu, akiuangalia mfuko kwa wivu. "Tangi ulijaza lini?"

"Leo asubuhi, na maji ya mfereji."

Dawa iliyo kwenye maji mapya ya mfereji ingewaua vifaranga wote kabla ya jioni. Mama Gikunda angenyamaza tu, Jumamosi hakungekuwa na cha kuonyeshwa.

"Dereva, simama kwangu!" aliagiza, akiunyakua mfuko. "Hawa watalala kwa tangi langu. Maji yake yametulia siku tano, dawa ya mfereji imeshaisha."

"Tangi lako?" Igoki aliduwaa. "Tangu lini?"

Mama Gikunda alikuwa ameshashuka.